Majina Ambayo Esnath Hayataji

Siku ya kumi na tatu ya mahabusu, afande Wilson alimkalisha Esnath kwenye kiti cha plastiki, akasogeza karatasi mbele yake, akaweka kalamu juu ya karatasi taratibu, ungedhani anamwandalia mgeni chakula.

"Jina moja tu, dada," alisema. "Nani alikupa ile orodha? Ukiandika hapo na kusaini, kesho mahakamani sisi hatupingi dhamana, jioni unanyonyesha mwanao. Usipoandika, basi. Mimi sina haraka."

Yeye hakuwa na haraka, ndiyo. Angekuwa na haraka ya nini, mtu ameshiba? Mwenye haraka alikuwa Alinanuswe, mtoto wa miezi saba aliyeachwa kwa bibi yake upande wa Mpuguso, akinyweshwa uji kwa kijiko huku anageuza shingo kutafuta ziwa la mama. Na mwenye haraka alikuwa Esnath mwenyewe, kwa sababu maziwa hayajui mahabusu. Saa yake ikifika yanakuja. Alijifunga khanga kifuani, akaikaza mpaka ikawa inauma, na bado gauni lililowa. Afande Wilson aliliona lile gauni. Alikuwa hodari wa kuona vitu vya namna hiyo.

Esnath aliitazama kalamu. Niwaambie ukweli, alitamani kuishika. Msije mkadhani watu jasiri hawatamani. Alitamani sana, mpaka akaukalia mkono wake.

Jina lililotakiwa pale ni Vicent, na Vicent ni mdogo wake wa tumbo moja.

Mama yao alifariki Esnath akiwa kidato cha pili na Vicent darasa la tatu. Baba alikuwa ameshaondoka zamani kwenda kutafuta maisha, na naona mpaka leo bado anayatafuta. Ndugu walikaa matanga, wakagawana vyombo, wakasema watoto watasaidiwa. Watasaidiwa! Wiki ya pili Esnath alivua sare ya shule, akajitwika kapu mgongoni, akaingia kuchuma chai kwenye mashamba ya watu. Alichuma na umande, alichuma na mvua, na mvua ya Tukuyu mnaijua, haina ratiba wala aibu. Vidole vikawa vyeusi, visitakate hata kwa sabuni. Lakini Vicent alivaa viatu, Vicent alikula, Vicent akamaliza kidato cha nne na vyeti vyake mkononi. Siku matokeo yalipotoka Esnath alilia kuliko alivyolia msibani.

Akaja akaolewa na Boazi Mwandemele, kijana mpole anayechimba dhahabu Chunya na kurudi nyumbani kila baada ya miezi miwili. Vicent naye akapata pa kujishikiza, akawa anajitolea ofisi ya kijiji, anaandika barua za watu na kupanga mafaili, akisubiri nafasi ya kuajiriwa. Esnath hakuridhika na jiko peke yake. Akaingia kwenye siasa, akawa katibu wa vijana wa chama kimoja hapo katani. Chama chenyewe sikitaji, maana nikikitaja mtaacha kunisikiliza muanze kugombana.

Basi mwaka ule wa uchaguzi wa serikali za mitaa, orodha ya wapiga kura wa kijiji ilibandikwa ukutani asubuhi, saa sita mchana ikabanduliwa. Aliyeulizia aliambiwa imelowa mvua. Kumbe Vicent alikuwa ameshaipiga picha kwa simu, ukurasa hadi ukurasa, na jioni ile ile akampelekea dada yake.

"Dada, hebu soma hapa. Huyu si tulimzika?"

Walimzika, ndiyo. Na huyu, na yule. Walipofika mwisho walikuwa wamehesabu marehemu kumi na saba ambao bado ni wapiga kura halali. Na marehemu wa huko hawapelekwi mbali. Wanazikwa nyumbani, kando ya migomba, unawapita kila siku ukienda kuchota maji. Kumdanganya mtu wa Rungwe kwamba jirani yake hajafa ni kazi, mwenzangu.

Kwenye mkutano wa kijiji Esnath alinyoosha mkono, akapewa nafasi, akafungua daftari alilonakilia yale majina. Akasoma moja moja, jina na kaburi lake. Huyu yuko chini ya mparachichi kwa dada yake, mlikuja wote mkala wali. Huyu yuko nyuma ya kanisa la zamani, mwenyekiti wewe mwenyewe ulishika koleo. Watu walianza kwa kucheka, lakini kadiri alivyosoma wakanyamaza, na mwenyekiti akawa anafuta jasho na baridi yote ile. Alipofika jina la kumi na moja, Esnath akakwama.

Hapa lazima nieleze jambo, la sivyo hamtamwelewa mwanamke huyu. Kwa Wanyakyusa kuna heshima ya mkamwana kwa baba mkwe wake, wenyewe wanaita kutila. Mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Akimwona njiani anaingia shambani mpaka apite. Hawakai chumba kimoja. Na jina lake halitaji, wala majina ya kaka zake, wawe hai au wawe kaburini. Vijana wengi wa siku hizi wameshaacha, wanasalimiana na wakwe zao kwa kushikana mikono na picha wanapiga. Mzee Ambindwile, baba yake Boazi, hakuacha. Na Esnath, aliyelelewa na umande wa mashamba ya chai bila baba, alipofika kwenye ule mji akaona, kumbe heshima ni kitu ambacho mtu anaweza kupewa bure, akaishika kwa mikono miwili.

Miaka minne waliishi uwanja mmoja. Yeye anapika, mzee anakula. Anafua, mzee anavaa. Kila asubuhi alikuja na sahani mpaka kwenye kona ya nyumba kubwa, akakohoa. Vikohozi viwili vifupi, anapumzika kidogo, kisha kimoja. Mzee akisikia anageukia ukutani. Esnath anaweka sahani juu ya kigoda mlangoni, anaondoka. Hawakuwahi kuonana, na hawakuwahi kukoseana.

Sasa jina la kumi na moja lilikuwa la kaka mkubwa wa mzee Ambindwile, marehemu aliyezikwa hatua ishirini kutoka pale Esnath anapoanikia nguo. Mbele ya kijiji kizima alifunga mdomo, akameza mate, akasema, "Wa kumi na moja ni baba yetu wa nyumbani. Mimi simtaji. Kaburi lake mnalijua." Halafu akaendelea na wa kumi na mbili.

Siku ya pili yake akakamatwa, yeye na wanawake wenzake wawili waliokaa naye pale mbele. Kosa, kuvuruga mkutano halali na kusambaza taarifa za uongo. Walisomewa mashtaka, dhamana ikawa wazi, mdhamini mmoja kwa kila mmoja, awe na nyumba au shamba na barua ya mtendaji. Siku ile hakuna hata mmoja wao aliyekuwa naye. Wakaondoka nao wote watatu na karandinga, Esnath akakaa siku kumi na tatu, na hapo ndipo tulipomwacha, kwenye kiti cha plastiki.

Afande Wilson alivuta kiti karibu.

"Habari zako ninazo," alisema, akacheka kidogo. "Mkutanoni ulimaliza majina yote, ukafika kwa marehemu mmoja ukaogopa. Mtu anayeogopa kaburi, dada yangu, mimi ataacha kuniogopa?"

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lile lilimsaidia Esnath kuliko maombi yote aliyokuwa ameomba kwenye mkeka wa mahabusu. Akautoa mkono alioukalia.

"Sikuogopa, afande. Niliheshimu." Aliongea polepole. "Miaka minne naishi na mtu uwanja mmoja, na jina lake halijapita mdomoni mwangu hata ndotoni. Majina ya kutotaja nimeyazoea. Wewe una siku kumi na tatu tu."

Afande Wilson aliivuta karatasi yake. Kisha akachukua kalamu yake, akaifunga.

"Haya. Kaa na heshima yako," alisema. "Kesho naipinga hiyo dhamana mpaka uikumbuke kalamu hii."

Akarudishwa kwa wenzake. Kabla ya kupinda kona ya kwenda chumba chao alikohoa, viwili, kisha kimoja, mazoea tu yalimtoka, na Doreen akaanza. Doreen alikuwa mmoja wa wale wawili, msusi wa Ibighi, mdomo haulali.

"We Esnath! Hapa unamkoholea nani? Mkwe wako ni ukuta au ni afande?"

Wakacheka, Esnath akacheka nao, kisha kicheko kikamgeuka kikawa kilio. Alilia kwa hasira na kwa maziwa na kwa kalamu ile. Doreen alimshika kichwa, hakusema neno tena mpaka jioni, na kwa Doreen hiyo ni sadaka kubwa.

Alasiri ile mama mkwe wake, mama Veronika, alikuja kumtembelea na ndizi na maharage kwenye kontena. Wakaongea kwa haraka, askari kasimama hapo.

"Mtoto je, mama?"

"Yupo. Uji anakunywa, analia, anakunywa tena. Usiniulize sana, mwanangu, nitalia na mimi."

"Boazi?"

"Simu haipatikani. Yuko shimoni huko Chunya, hajui hata kama umeshikwa. Na angejua, shamba lote ni la mzee, yeye angeweka nini?" Mama Veronika akashusha sauti. "Wajomba zako wote ghafla wana harusi Songwe. Mwinjilisti anasema anatuombea. Basi mzee amekwenda kukaa ofisi ya mtendaji. Leo siku ya tatu. Asubuhi anakwenda na kigoda chake, anakaa mlangoni, hasemi neno. Mtendaji akitoka kula anamkuta, akirudi anamkuta. Leo barua ametoa."

Esnath akaacha kutafuna. "Mzee? Mama, hawezi. Mahakamani si tutakutanishwa!"

"Nilimwambia hivyo hivyo. Halafu akaniuliza, 'Ni kweli alimfikia kaka, akaacha kumtaja?' Nikamwambia ni kweli. Akaomba koti lake."

Askari akasema muda umekwisha. Mama Veronika alisimama, akainama tena sikioni mwake.

"Na Vicent amekonda, hata kula hali. Anasema kesho dhamana ikikataliwa anasimama anajitaja mwenyewe."

"Mwambie asithubutu!" Esnath alisema kwa nguvu mpaka askari akageuka. "Mwambie vidole hivi sikuviharibu ili yeye akalale huku."

Kesho yake ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Chumba cha mahakama kilijaa makoti yenye unyevu. Wanawake watatu walikaa kwenye benchi ndani ya kizimba cha washtakiwa, wote na vitenge vya kujifunika kichwani kwa baridi, na Esnath alikuwa wa katikati. Aliangaza nyuma, akamwona Vicent karibu na mlango. Kweli alikuwa amekonda. Afande Wilson naye alikuwa pale mbele, nyuma ya wakili wa serikali, faili kwapani.

Hakimu alikuwa mama mdogo wa umri, kahamishiwa huku kutoka pwani, bado hajaipatia dawa baridi ya Tukuyu. Sweta lilimtokeza kwenye joho. Mdhamini wa Doreen alipita vizuri, wa mwenzao akapita vizuri. Karani akaita mdhamini wa Esnath.

Mzee Ambindwile aliingia. Kofia alikuwa nayo mkononi, ameishika pembeni ya uso upande wa washtakiwa, anatembea amegeukia ukuta. Esnath alipoona ncha ya lile koti tu, alivuta kitenge mpaka puani, akageuka upande wa pili. Hakufikiri, mwili wenyewe uligeuka.

"Mzee, jina lako?" hakimu aliuliza.

"Ambindwile Mwandemele, mheshimiwa."

"Mshtakiwa Esnath ni nani kwako?"

"Mkamwana wangu. Mke wa mwanangu Boazi."

"Unamfahamu kwa muda gani?"

"Miaka minne."

"Vizuri. Washtakiwa wote simameni, na mnyamaze. Mzee, nionyeshe ni yupi."

Wakasimama wote watatu. Mzee Ambindwile alitazama sakafu. Kofia ilizunguka mkononi mwake, mara moja, mara mbili.

"Siwezi, mheshimiwa."

"Huwezi nini?"

"Sura yake siijui."

Chumba kiliangua kicheko. Watu wa pale, wanaoijua mila, walicheka kwa huruma. Wageni walicheka kwa kicheko chenyewe. Wakili wa serikali hakusubiri hata kiishe.

"Mheshimiwa, mdhamini hamjui mshtakiwa. Akitoroka atamtafuta nani? Tunaomba akataliwe, na mshtakiwa arudi mahabusu."

"Mzee," hakimu alisema, sasa kwa ukali kidogo, "hii ni mahakama. Umekaa naye miaka minne nyumbani kwako hujamwona?"

"Sijamwona, mheshimiwa. Ndiyo heshima yenyewe."

Hakimu alitikisa kichwa. Hakuwa mtu mbaya, lakini hilo darasa hakulisoma. Akavuta faili, akashika kalamu, na Esnath akaijua ile namna ya kushika kalamu. Siku kumi na nne nyingine. Mtoto atasahau harufu yake. Na kule nyuma benchi lililia kwa kusukumwa. Vicent alikuwa amesimama, ameshika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili, mdomo ameshaufungua.

Mungu wangu! Dada mtu alibakiza pumzi moja. Kusema alikatazwa. Kunyoosha mkono kungesaidia nini, wakati anayetakiwa kumtambua hatazami? Akafanya kitu pekee ambacho yule mzee alikuwa anakijua kutoka kwake.

Alikohoa. Viwili vifupi. Akapumzika. Kisha kimoja.

Mzee Ambindwile alishtuka akageukia ukutani, kama kila asubuhi. Halafu, akiwa bado ameukabili ukuta, akanyoosha mkono nyuma yake, kidole kikaelekea katikati ya wale watatu.

"Huyo," alisema. "Huyo aliyekohoa. Huyo ndiye anayenipikia."

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Mheshimiwa, kikohozi si utambulisho!" wakili wa serikali alisema.

Hakimu aliweka kalamu chini. Alimtazama mzee, akamtazama mwanamke wa katikati aliyejifunika mpaka puani, na nadhani pale ndipo alipoanza kuelewa. Sauti yake ilirudi kuwa ya kawaida.

"Mzee wangu, mimi kikohozi siwezi kukiandika. Nisamehe. Geuka umtazame, useme ndiye au siye."

Koti la mzee lilipanda na kushuka mgongoni. Kwa mtu wa umri wake, aliyetunza jambo hilo maisha yake yote, lile halikuwa jambo dogo, na asiyeelewa anyamaze tu. Kisha akavaa kofia, akaivua tena, akageuka.

"Mwanangu, fungua uso," alisema.

Esnath akashusha kitenge. Machozi yalikuwa yanamtoka, gauni limelowa kifuani, na aibu ilimchoma toka miguuni mpaka masikioni. Mzee alimtazama. Alikuwa na macho madogo mekundu, na Esnath aliona kwamba Alinanuswe amechukua nyusi zake, jambo ambalo kila mtu alikuwa anamwambia na yeye hakuwahi kulihakikisha.

"Ndiye," mzee alisema.

"Haya," alisema hakimu. "Na wewe mshtakiwa, mdhamini wako unamtambua?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Anaitwa nani?"

Ala! Afande Wilson akainua kichwa, akatabasamu kidogo, maana alimjua huyu mwanamke na mdomo wake. Esnath aliufungua, hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Kule nyuma Vicent hakuwa ameketi bado, na hakimu alikuwa anasubiri, na neno lenyewe mzee alikuwa ameshalitamka mbele ya wote, lakini ulimi wa Esnath uliligomea.

"Litaje, mwanangu," alisema mzee Ambindwile. Alisema taratibu kwa Kinyakyusa kwanza, kisha akarudia kwa Kiswahili ili serikali nayo isikie. "Litaje. Mwenye jina ni mimi, na nimeruhusu."

Esnath akashika ukingo wa kizimba.

"Ambindwile," alisema. Ilitoka sauti ndogo, akairudia kubwa. "Anaitwa Ambindwile Mwandemele. Ni baba yangu."

Hakimu akaandika. Karani akamwona Vicent. "Wewe kijana wa nyuma, una shida gani?" Vicent akafunga mdomo, akamtazama dada yake, na dada yake akamkazia jicho lile la siku za viatu vya shule.

"Hapana, sina," alisema. Akaketi.

Nje mvua ilikuwa imeanza. Esnath alikuwa ameshapewa Alinanuswe, amekaa kwenye ngazi za mahakama bila kujali nani anatazama, mtoto ananyonya kwa fujo na hasira za siku kumi na nne. Mzee alikuwa amesimama mbali, amewapa mgongo. Afande Wilson alipita, akasita.

"Kumbe kutaja unaweza," alisema.

"Yule aliniruhusu mwenyewe, afande," Esnath alijibu, wala hakuinua macho kutoka kwa mtoto.

Vicent aliyasikia maneno hayo, na walipofika nyumbani akamfuata jikoni, akajaribu ujanja wake. "Basi na mimi, dada, nimekuruhusu. Nitaje. Kesi bado ipo, watakuita tena, utabeba mpaka lini?" Esnath alimshika sikio na mkono wenye majivu, akalivuta kama zamani. "Wewe ruhusa yako naitoa mimi," alisema, "na sijaitoa. Kachanje kuni."

Asubuhi yake alipika ndizi za maziwa, akamfunga mtoto mgongoni, akachukua sahani. Alipofika kwenye kona ya nyumba kubwa akakohoa, viwili, kisha kimoja. Ndani akasikia kigoda kikilia, mzee anageukia ukutani. Halafu wote wawili wakabaki hapo walipo, kila mmoja amekumbuka kwa wakati wake.

"Pita, mwanangu," mzee alisema mwishowe. "Tumeshaonana, tunajificha nini tena."

Akaingia, hajui aweke macho wapi, akayaweka kwenye sahani. Akapiga magoti, akaiweka. Alikuwa anataka kuondoka haraka, mzee akamzuia kwa mkono.

"Mkutanoni, wa kumi na moja hukumtaja."

"Ndiyo, taata."

"Siku ya kesi watakuuliza orodha. Wasije wakasema walikuwa kumi na sita. Ukimfikia, mtaje."

"Ndiyo, taata."

"Hebu nisikie."

Mlango ulikuwa wazi, kaburi lilionekana kati ya migomba, limelowa mvua. Esnath alivuta pumzi.

"Andrea Mwandemele," alisema.

Mzee alishika sahani magotini, hakula. Tangu mazishi, mwaka wa sita huo, hakuna mtu aliyelisema jina lile ndani ya nyumba ile. Akajifuta uso kwa mkono wa koti, akatazama nje.

"Sema tena," alisema.